Makala Imesomwa Sana. Asali Je, Imeuzwa?

"Makala yetu imesomwa mara elfu nane, blogu inalipa." Kauli hii naisikia kwa wafanyabiashara wa asali wa Tabora karibu kila ninapoitwa kukagua tovuti, na sasa imenichosha. Elfu nane hizo ni mara ukurasa ulivyofunguliwa, si watu. Mtu mmoja akiufungua asubuhi na jioni, hizo ni mbili tayari. Wafanyakazi wenu wanaouchungulia ofisini kuona picha zao nao wamo, maana Google Analytics, programu inayohesabu wageni wa tovuti, haiwaondoi mpaka uiagize. Na hata wangekuwa watu elfu nane kweli, ni akina nani? Makala ya asali na kikohozi husomwa na mtu wa Mbeya anayekohoa na mwanafunzi wa Nairobi mwenye kazi ya darasani. Hakuna kati yao anayetafuta ndoo za lita 20 kutoka Sikonge. Ile ya bei ya jumla na namna mzigo unavyofika Dar es Salaam itapata wasomaji wachache, lakini hao ndio wapigaji simu.

Hesabu yenyewe si ngumu: chukua faida ghafi (mauzo ukitoa gharama ya bidhaa yenyewe) ya oda zilizoletwa na makala, toa gharama ya makala, kisha gawanya kwa gharama hiyohiyo. Tuseme makala imekula shilingi 150,000: mwandishi, picha, na muda wa meneja (ndiyo, muda wa meneja ni gharama). Ikaleta oda za ndoo 9, kila moja ikikuachia faida ya 30,000. Hiyo ni 270,000. Toa gharama, inabaki 120,000, yaani asilimia 80. Wengi huweka hapo mauzo yote badala ya faida ili ripoti ing'ae. Ripoti ya namna hiyo siisaini.

Utajuaje oda imetoka kwenye makala? Kiungo kikipita WhatsApp, mara nyingi mgeni huandikwa kuwa amekuja moja kwa moja, kwa hiyo tia alama ya utm (maneno mafupi yanayoongezwa mwishoni mwa kiungo kuonyesha mgeni ametokea wapi) kwenye kila kiungo unachosambaza. Halafu fanya lile ninalolirudia hadi wateja wangu wananicheka: muulize kila mnunuzi "umetujuaje?" na uandike jibu kwenye kaunta buku, siku ileile.

"Programu za kupimia ni ghali." Google Analytics ni bure, na Search Console, inayoonyesha watu walitafuta nini Google hadi wakakufikia, nayo ni bure.

"Mwezi umepita, hakuna kitu, tufunge." Google wenyewe wanasema mabadiliko mengine huchukua saa chache na mengine miezi kadhaa kuonekana kwenye utafutaji. Ipe nusu mwaka.

"Kisichouza hakina thamani." Kampuni ya magari ya Marekani, General Motors, ilianzisha blogu ya FastLane mwaka 2005, Bob Lutz, kigogo wa kampuni, akiandika humo, na wapenzi wa magari wakamjibu bure maoni ambayo kampuni hulipia utafiti kuyapata. Kwenu swali ni lile la "mbona asali imeganda, mmetia sukari?" Asali huganda yenyewe, glukosi inapojitenga na kuwa chengachenga. Andika jibu mara moja, mtumie kiungo kila anayeuliza, kisha linganisha saa ambazo mhudumu alikuwa akizimalizia kwenye swali hilo na anazotumia sasa. Saa zilizookolewa zidishe kwa malipo yake ya saa, uweke kwenye mstari wake peke yake, usizichanganye na mauzo.