Ripoti ya tume ikishatiwa sahihi, ishikwe na nani?

Tume ya uchunguzi ikitajwa, watu hapa Lamu huuliza kwanza makamishna ni akina nani. Ni swali la haki. Lakini lililo zito zaidi ni hili: ripoti ikikamilika, itakaa kwa nani, na itatoka lini?

Chini ya Sheria ya Tume za Uchunguzi ya Kenya, Sura ya 102, Rais ndiye huunda tume, na kwake ndiko matokeo hurudi. Basi uovu ukiwa wa serikali, karatasi nazo hushikwa na serikali. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyopokea malalamiko ya ardhi ya Pwani, ilikabidhi ripoti tarehe 21 Mei 2013. Makamishna wake watatu wa kigeni walikataa kutia sahihi sura ya ardhi, wakisema aya zilibadilishwa kwa shinikizo. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi, ilifanya vingine mwaka 2008: majina ya washukiwa yalifungwa kwenye bahasha, akapewa mpatanishi Kofi Annan, naye akaifikisha ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Julai 2009. Mshikaji alikuwa nje ya serikali.

Ndiyo maana mageuzi yaanzie kwenye tangazo la Gazeti Rasmi. Litaje siku ya kuchapisha ripoti, na liamuru nakala iliyotiwa sahihi kila ukurasa iwekwe kwa Msajili wa Mahakama Kuu siku ile ile ya kukabidhi.

Ushahidi nao huharibikia mezani. Mzee wa Kiunga akisema shamba lake laanzia mkwaju mkubwa hadi kisima cha mawe, mkalimani mwenye haraka huandika “shamba karibu na kisima”. Mkwaju umepotea, na mpaka umekwenda nao. Mpima ardhi hana pa kuanzia. Taarifa isomwe kwa Kiswahili kabla ya sahihi. Shahidi adai nakala yenye muhuri na tarehe, atoe nakala za hati zake, asili abaki nazo.

Ripoti ikikaliwa, andikia ofisi inayoishika chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Taja jina kamili la tume, mwaka na sura unayotaka. Ukiomba “ripoti ya ardhi” tu, unawapa sababu ya kukuzungusha. Ombi halilipiwi, ila waweza kudaiwa gharama ya kunakili. Jibu latakiwa ndani ya siku 21. Ukikataliwa, una siku 30 kupeleka malalamiko kwa Ombudsman, ofisi inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, nawe uambatishe nakala ya ombi lako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.