Wanaokadiriwa angani ni wenye redio

Jumamosi kwa kinyozi, hapa Ujiji, nimesikia tena: "Wanasayansi wamehesabu, kuna staarabu 10,000 huko juu, na zote zimetuzidi." Hii ni mara ya tatu mwezi huu.

Hesabu hiyo inatoka kwenye mlinganyo wa Drake, nao ni kuzidisha tu. Chukua nyota zinazozaliwa kila mwaka katika Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, zidisha kwa sehemu yenye sayari, sayari zinazofaa uhai, uhai unaoanza kweli, akili, ufundi wa kurusha mawimbi ya redio, na mwisho miaka ambayo urushaji huo unadumu. Namba saba. Za mwanzo zina vipimo vya kueleweka. Zinazofuata, mtu anakisia. Kikao cha Green Bank, Marekani, ambacho mwanaastronomia Frank Drake alikiandikia mlinganyo huo mwaka 1961, kilitoka na jibu la kati ya 1,000 na 100,000,000. Fundi akikupa bei ya namna hiyo, utasema amepiga hesabu?

Ila kinachoniwasha hasa ni hilo neno ustaarabu. Limetoka Kiarabu, na kustaarabu asili yake ni kuwa kama Mwarabu. Sisi wa Ujiji, mji wa misafara, tusingehitaji kufundishwa: aliyekuja na kanzu kutoka pwani alikuwa mstaarabu, na mwenyeji wa bara akaitwa mshenzi. Neno lilizaliwa likiwa limeshatoa hukumu. Ndiyo maana mtu akilisikia likisemwa juu ya nyota, anaona viumbe wenye busara na adabu.

Drake hakuuliza adabu. Mwaka 1960 alielekeza antena kwenye nyota mbili, akasikiliza, asipate kitu. Alichotaka kujua ni wangapi wanaosikika.

Nenda Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa kazini. Utahesabu taa ziwani, siyo mitumbwi. Mwenye ndoano aliyekaa gizani humwoni, wala yule ambaye taa yake ilizimika saa mbili. Na mwezi ukiwa mpevu, karibu hakuna taa kabisa, ingawa wavuvi wapo, wamelala kwao. Kwa kipimo hicho hata Kilwa ya masultani, iliyojenga kwa mawe na kupiga sarafu zake, ni sifuri. Haikuwa na redio.

Kwa hiyo, mzee wangu wa kwenye kiti cha kinyozi, sema wanakadiria, na wanaokadiriwa ni wenye kurusha mawimbi. Kama ni wastaarabu, hilo mlinganyo haukuulizwa.