Ncha za pembe hazihesabu miaka ya kulungu

Katika familia nyingi za wawindaji Marekani, mjukuu hurithishwa bunduki pamoja na kauli hii: hesabu ncha za pembe, utajua kulungu ana miaka mingapi. Bunduki sawa; kauli iachwe.

Pembe za kulungu dume wa huko hudondoka kila mwaka, kisha huota nyingine upya. Idadi ya ncha hutegemea chakula, nasaba na umri, vyote kwa pamoja. Dume wa mwaka mmoja na nusu aliyeshiba vizuri anaweza kuwa na ncha nane, na mwenzake wa rika lilelile akawa na mbili tu. Akizeeka sana, pembe huweza hata kudhoofu.

Umri husomwa mdomoni. Kwa kulungu mwenye mkia mweupe, fungua taya la chini utazame jino la tatu katika safu ya magego. Likiwa na vilele vitatu, ni la utotoni bado. Litakaloota badala yake, akiwa na mwaka mmoja na nusu na ushei, lina viwili. Baada ya hapo huangaliwa jinsi meno yalivyosagika, na hapo hata wataalamu hupishana. Anayetaka uhakika zaidi hupeleka jino la mbele maabara, matabaka ya mzizi yakahesabiwa kwa hadubini.