Kuchanganya mazao si ushamba

Tangu enzi za mkoloni, mabwana shamba wengi walihubiri kwamba shamba la kisasa ni la zao moja, lenye mistari iliyonyooka. Mahindi na maharage pamoja? Kilimo cha kizamani. Hadi leo wapo wanaoona aibu kidogo kuonyesha shamba lililochanganywa.

Utafiti unasema vinginevyo. Ekari moja iliyochanganywa nafaka na mikunde mara nyingi hutoa mavuno ambayo, kwa mazao yaliyotengwa, yangehitaji zaidi ya ekari moja. Mfano mzuri uko Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, ambako watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, hupanda desmodiamu (mmea wa malisho wa jamii ya mikunde) katikati ya mahindi na majani ya tembo pembeni. Harufu ya desmodiamu hufukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua. Majani ya tembo huwavuta nje. Chini ya udongo mambo ni matamu zaidi: kemikali za mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, kisha huzuia vimelea hivyo visishike mizizi ya mahindi. Vinakufa njaa.

Kazi ya palizi mwanzoni ni kubwa, lakini desmodiamu hudumu miaka kadhaa, na ng'ombe huipenda.