Je, wajua kwa nini birika la Mwingereza huchemka upesi kuliko la Mmarekani?

Mmarekani anayefikia kwa wenyeji wake London au Leeds hukutana na vioja vidogo vidogo: swichi juu ya kila soketi ya ukutani, bafu lisilo na soketi ya kawaida, na birika la umeme lililopewa mahali pa heshima jikoni. Kinachomduwaza zaidi ni kwamba kabla hajamaliza kuvua koti, maji ya chai yamekwisha kutokota.

Siri haimo ndani ya birika, imo ukutani. Umeme wa majumbani Uingereza ni wa volti 230, ilhali wa Marekani ni wa volti 120. Plagi ya Kiingereza ya pini tatu bapa, ile ile tuitumiayo Tanzania, Kenya na Uganda, hupitisha hadi ampea 13, hivyo birika laweza kuvuta karibu kilowati 3. La Marekani huishia kilowati 1.5 hivi. Kwa kuwa lita moja ya maji ya nyuzijoto 20 huhitaji takriban kilojuli 335 ili ichemke, Mwingereza hungoja dakika mbili na Mmarekani karibu nne. Si ajabu basi kwamba Wamarekani wengi hutumia birika la kuweka juu ya jiko, au huchemsha kikombe ndani ya mikrowevu, kitendo ambacho Mwingereza hukitazama kama ukosefu wa malezi.

Plagi hiyo nayo, ambayo kila aliyewahi kuikanyaga gizani anaijua, ilisanifiwa mwaka 1947, wakati shaba ilikuwa adimu baada ya vita. Ili kupunguza matumizi ya shaba, mafundi walizungusha waya mmoja kama pete kupitia soketi nyingi, na kinga ya kila kifaa, yaani fyuzi, ikahamishiwa ndani ya plagi yenyewe.

Tabu huja pale taifa zima linapobonyeza swichi kwa pamoja. Tarehe 4 Julai 1990, Uingereza ilipotolewa na Ujerumani Magharibi kwa penalti katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, watazamaji waliinuka kwenda kujiliwaza kwa chai, na mahitaji ya umeme yakaruka kwa takriban megawati 2,800. Kwa dharura za namna hiyo kuna kituo cha Dinorwig huko Wales, kilichochimbwa ndani ya mlima na kufunguliwa mwaka 1984: maji huachiwa kutoka ziwa la juu hadi la chini, na mitambo iliyo tayari hufikia megawati 1,320 kwa muda usiofika nusu dakika. Usiku, wanywaji wa chai wakiwa wamelala na umeme ni rahisi, maji yale yale husukumwa kurudi juu mlimani.