Ripoti ya daktari wa akili mahakamani, siri yako inalindwaje?

Ukisikia daktari wa akili kaitwa mahakamani usidhani kaja kama yule anayemtibu mtu kliniki. Anaweza akawa yeye yeye, ila kazi ya siku hiyo ni nyingine kabisa. Hapo anaitwa shahidi mtaalamu, anaisaidia mahakama ielewe hali ya akili ya mtu, iwe mshtakiwa wa mauaji, iwe mzee aliyeacha wosia na watoto wanabishana kama alikuwa na akili timamu alipouandika, iwe wazazi wanaogombania watoto, iwe abiria aliyepata ajali ya basi anadai fidia kwa sababu tangu siku ile usingizi hana. Kliniki unachomwambia daktari kinabaki kwake. Hapa unachomwambia kinaweza kuandikwa, kikasomwa na jaji na mawakili wa pande zote mbili, na daktari akaulizwa maswali juu yake mbele ya watu.

Sasa mtu anauliza, kama kila mtu anasoma, kinacholindwa ni nini? Kinacholindwa ni njia. Taarifa zako zitoke kwako, zifike kwa wanaozihitaji kwa ajili ya kesi hiyo, zikomee hapo. Bosi wako, jirani, kampuni ya bima, ndugu mwenye mdomo, hao hawamo.

Kwa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, hazichakatwi bila idhini yako ya maandishi isipokuwa kwa sababu ambazo sheria yenyewe imezitaja, na mashauri ya mahakamani ni mojawapo. Hapa pana kitu watu hawakijui. Kwenye kesi ya jinai mahakama ikiona huenda mshtakiwa hakuwa na akili timamu wakati wa tukio, inaweza kuamuru apelekwe hospitali ya magonjwa ya akili achunguzwe, wengi wanapelekwa Dodoma, Mirembe na Isanga, na daktari anapewa siku 42 kupeleka ripoti mahakamani. Hiyo ni amri, sio kwamba mtu kaombwa ridhaa akakubali. Kwa hiyo cha kwanza kabisa ambacho daktari mwenye heshima na kazi yake anafanya ni kumwambia mtu waziwazi kabla ya swali lolote: mimi hapa sikutibu, nimetumwa na mahakama, utakayosema nitayaandika, na usilotaka kusema una haki ya kunyamaza. Bila maneno hayo mtu anafunguka akidhani yupo kwa tabibu, na mimi hilo naliona ni kumuonea.

Halafu kuna suala la kiasi. Ripoti ya akili sio kama kipimo cha malaria, ina maisha ya mtu yote: alivyolelewa, ndoa, pombe, aliyofanyiwa utotoni na hajawahi kumwambia mtu. Kama mahakama imeuliza tu kama mzee alijua anachokigawa siku ya kuandika wosia, ya nini kuandika kwamba binti yake aliwahi kutaka kujiua? Binti hana kesi, hajaulizwa, na hata hajui jina lake limo. Watu wa pembeni kama hawa, mama aliyewahi kulazwa, mtalaka, kaka anayetumia madawa, taarifa zao nazo ni nyeti na ndio zinasahaulika kirahisi zaidi.

Zinavuja wapi? Sio kwa wadukuzi kama watu wanavyofikiria. Kwenye familia yetu tulikuwa na kesi ya madai, ripoti ya ndugu yetu ikapelekwa steshenari kutolewa kopi tano, kijana wa pale akaiskani kwanza kwenye kompyuta yake, akaprinti, tukalipa tukaondoka, na faili likabaki pale kwenye desktopu lina jina kamili la mtu na neno skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili. Wiki mbili baadaye mtaa mzima ulikuwa unajua. Hakuna aliyekusudia ubaya lakini ndugu yetu alihama. Kwa hiyo ukiuliza kulinda ni nini kwa vitendo, ni vitu vidogo kama hivyo: ripoti isitumwe kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, faili liwekewe paswedi na paswedi itumwe kwa njia nyingine, fleshi isizurure, notsi za mahojiano zifungiwe kabatini, na muda wa kuzitunza ukiisha ziharibiwe kweli.

Lakini je daktari anaweza kuivunja siri mwenyewe? Kuna kesi ya Uingereza inatajwa sana, W dhidi ya Egdell, iliripotiwa 1990. W alikuwa ameua watu watano, amewekwa hospitali ya ulinzi mkali, mawakili wake wakamlipa Dk. Egdell aandike ripoti ya kumsaidia apunguziwe masharti. Daktari akakuta mtu bado ni hatari, ana mapenzi ya ajabu na mabomu ya kutengeneza mwenyewe. Mawakili kuona hivyo wakaondoa ombi na ripoti wakaikalia. Egdell akaipeleka kwa hospitali, nakala ikafika serikalini, W akashtaki. Mahakama ya Rufani ikasema siri ilikuwepo kweli, ila usalama wa umma ulikuwa mzito zaidi, na waliopelekewa ndio waliohusika. Angekuwa ameipeleka gazetini pasingekuwa na cha kumtetea. Na angalia, kwenye hukumu yule mtu kaandikwa kwa herufi moja tu.

Kwetu hukumu nyingi za Mahakama Kuu na ya Rufani zinawekwa mtandaoni kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, yeyote anasoma, na mara nyingi jina lipo zima na ugonjwa upo hapo hapo. Hilo ndo linaniuma. Kama una kesi ya hivi, mwambie wakili wako mapema, kabla daktari hajapanda kizimbani, aombe mahakama jina lifichwe au sehemu ya ushahidi isikilizwe faragha. Jaji anaweza kukataa. Ila ukishakuta hukumu iko mtandaoni, kuiondoa ni kazi nyingine ngumu zaidi.