Nani Amekula Mboga Zako? Soma Jeraha Kabla ya Kununua Sumu

Mche ukikutwa umekatika asubuhi, wa kwanza kulaumiwa ni panya. Sumu inanunuliwa, inatupwa kwenye matuta, na kesho yake miche mingine imelala. Mara nyingi panya hakuwa hata karibu. Kila mlaji ana namna yake ya kuuma, kwa hiyo liangalie jeraha mapema, kabla jua halijalinyausha.

Mche uliokatwa usawa wa ardhi na kuachwa hapo hapo: chimbua kwa kidole sentimita 3 hadi 5 kuzunguka shina. Ukikuta kiwavi wa kijivu aliyejikunja kama pete, huyo ni sota. Ni mdudu, na mtego wa panya haumhusu. Shina lililokatwa mshazari, safi kama kwa wembe, ni sungura, na utaona kinyesi chake cha vigololi vikavu. Jani lililochanwa, kingo zikiwa na nyuzinyuzi, ni paa au mbuzi, maana hao hawana meno ya mbele kwenye taya la juu. Hubana na kuvuta. Mbuzi nimemtaja makusudi: ugomvi wa majirani hupungua mkilitazama jani pamoja.

Matundu ovyo ovyo katikati ya jani, na utepe wa ute mkavu unaometa, ni konokono au koa. Mwagilia asubuhi badala ya jioni ili usiku udongo wa juu uwe mkavu. Laza magunia mabichi kati ya matuta. Alfajiri yafunue, uwaokote kwa glavu, kisha uwazamishe kwenye maji ya sabuni. Usiwashike kwa mikono mitupu, kwani konokono wakubwa hubeba minyoo inayoweza kumdhuru binadamu. Majivu huwazuia yakiwa makavu tu, na chumvi itakuharibia udongo.

Ukishindwa kuamua, chekecha majivu njiani jioni, tabaka jembamba tu. Panya huacha alama za vidole 4 kwa miguu ya mbele na 5 kwa ya nyuma, wakati mwingine na mstari wa mkia.

Panya shamba huuma zaidi siku chache baada ya kupanda: hufukua mbegu za mahindi au maharage akifuata mstari, shimo baada ya shimo. Jike ana chuchu zinazoweza kufika 24, basi ukisubiri wazaliane umechelewa. Fyeka nyasi mita 2 kuzunguka bustani kabla ya kupanda. Fukia ndoo ya lita 20 mdomo ukiwa sawa na ardhi, jaza maji theluthi, pitisha waya juu yake wenye kopo linalozunguka, na ulipake kopo siagi ya karanga. Kopo lisipozunguka kwa urahisi, panya atakula na kuondoka. Sumu siipendi: bundi au paka akila panya aliyekufa kwa sumu, naye anaweza kufa, na huyo ndiye aliyekuwa mlinzi wako.

Fuko ni kesi nyingine kabisa. Karoti inanyauka ghafla, unaivuta inatoka bila mzizi, na kando kuna kichuguu cha udongo usio na tundu. Watu huchimba kichuguu chenyewe na kukosa, kwa sababu udongo ule umesukumwa nje kupitia njia ya pembeni. Chukua nondo nyembamba, dunga kuzunguka kichuguu kibichi. Ikizama ghafla kama imeingia hewani, umepata njia kuu. Ifungue kwa jembe, upana wa kiganja. Fuko hapendi mwanga wala upepo ndani, atarudi kuziba. Hujui atatokea upande gani, kwa hiyo tega kitanzi cha waya kila upande, kila kimoja kikifungwa kwenye fito iliyopindwa, na uzi wa kufyatulia ukatize njia mbele ya kitanzi. Sugua mikono kwa udongo kwanza. Kitanzi kikigusana na sakafu ya njia, atakizika kwa udongo anaousukuma. Kiache juu kidogo ya sakafu. Wengi hupanda utupa ukingoni ili kumfukuza, mimi siutegemei.

Kwa sungura, dawa ni uzio. Wavu wa kuku wenye matundu ya milimita 25, juu sentimita 90, chini fukia sentimita 20 na uukunje kuelekea nje ili akichimba akutane nao. Maji ya pilipili hufanya kazi hadi mvua inyeshe, na hayafai kabisa kwa ndege, ambao hawausikii ukali wake. Kagua chini ya lango kila wiki: hapo ndipo udongo humomonyoka, na uwazi wa kupitisha ngumi unamtosha sungura mdogo.